Aliyetaka Kuitwa Mama

Jua lilikuwa limeshazama, ila bado mtu aliona anapokanyaga, nilipotoka kwenda kuchukua barakoa kwa Shangazi.

Hakuwa shangazi yangu. Alikuwa dada wa shemeji yangu, mume wa dada, na kwa hiyo alikuwa shangazi wa Kidoti, binti yao wa miaka minne. Katika nyumba ile kila mtu aliitwa kama Kidoti alivyomwita. Mimi, kwa kuwa ni mdogo wake mama, nilikuwa mama mdogo. Akiwa na haraka, Kidoti alilikata jina na kuniita mama tu.

Ulikuwa mwaka ule wa ugonjwa. Shemeji ni dereva wa lori, na alikuwa amekwama mpakani akisubiri majibu ya vipimo. Dada alikuwa amejifungia chumba cha nyuma. Ilianza homa, kikaja kikohozi, kisha sauti ikamkauka kabisa. Hata mnong'ono haukutoka. Nilikuwa nimehamia pale siku chache kabla, kumsaidia dada, na sasa mtoto alikuwa mikononi mwangu. Chakula cha dada nilikiweka chini, nikagonga mlango, nikarudi nyuma.

Shangazi alikuwa fundi cherehani, na fundi kweli. Hakujaliwa kupata mtoto. Hilo hakulisema kamwe, lakini liko neno moja lililokuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Siku moja kabla dada hajaanza kuumwa, alikuja kututembelea. Kidoti akanijia mbio na kiatu mkononi.

"Mama! Mama! Nifunge!"

Shangazi akacheka kwa meno.

"Ama kweli! Huyu kaja juzi na begi lake, anaitwa mama. Mimi wa damu moja na baba yake, naitwa shangazi."

"Si ndivyo lugha ilivyo, wifi," dada alimjibu. "Mdogo wangu ni mama, dada wa mume ni shangazi. Kama una kesi, kamtafute aliyeyatunga maneno umshtaki."

Tulicheka sana. Shangazi alitutazama mpaka tukamaliza. Kisha akamwambia dada kwa upole, "Nipe hiyo barakoa uliyovaa, nikukatie nyingine kwa kipimo chake. Usiifue. Kitambaa kikifuliwa kinasinyaa, kitanidanganya."

Ilikuwa ya bluu, kamba yake moja ilishakatika na dada akaiunga kwa fundo. Aliivua papo hapo akampa.

Kesho yake akaamka na homa.

Sasa barakoa mpya zilikuwa tayari, Shangazi alituma salamu nikazichukue. Nilimwacha Kidoti sebuleni na kalamu zake za rangi, nikafunga mlango kwa nje. Hapakuwa mbali. Mtaa ulikuwa kimya, maduka yamefungwa, nguo zimesahaulika kwenye kamba.

Nilipokaribia nikasikia cherehani. Trrr... trrr... Ikanyamaza.

Halafu nikasikia mtu akiimba.

"Lala Kidoti, baba yuko njiani... lala Kidoti, lori linaunguruma..."

Wimbo ule dada aliutunga mwenyewe, pembeni ya kitanda cha mwanawe. Sikushangaa kwamba Shangazi anaujua. Aliusikia mara nyingi. Kilichonisimamisha ni sauti. Nimelala chumba kimoja na dada tangu nikiwa mchanga mpaka alipoolewa. Naijua pale inapopanda, na pale inapokatika kidogo kabla ya kushuka.

Ilikuwa ya kwake.

Nikapiga hodi. Wimbo ukakatika.

"Pita." Sauti hii ilikuwa nzito, yenye kicheko kidogo mwishoni. Sauti ya Shangazi.

Alikuwa peke yake mbele ya cherehani. Chumba kilinuka mafuta ya mashine, na chini yake harufu nyingine... ile dawa ya kuchua ambayo dada hujipaka shingoni kila usiku.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mama." Alilivuta lile neno. "Mama usiyejua hata uchungu unaanzia wapi."

Nilikuwa naitazama barakoa aliyovaa. Ya bluu. Kamba moja ina fundo.

"Shangazi, hiyo si ya dada? Yule ni mgonjwa!"

"Kwani mimi namwogopa wifi yangu?" Akanikabidhi mfuko. Vidole vyake vilikuwa vya moto. "Mgonjwa anaendeleaje? Sauti bado haijarudi?"

"Bado."

"Masikini. Na mtoto analalaje bila kuimbiwa?"

Nilikuwa nje tayari, nakaribia kona, nilipokumbuka kwamba habari ya sauti sikumwambia mtu yeyote.

Sikukimbia. Nilitembea kama mtu anayetamani kukimbia. Giza lilikuwa limeingia nilipofika. Nikafunga kwa ufunguo, nikaweka na komeo.

Kidoti alikuwa amesimama katikati ya sebule.

"Mama mdogo, mama amepona? Anaimba."

Nikatazama mlango wa chumba cha nyuma. Kidoti akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kwenye dirisha la barabarani.

Hapo sauti ya dada ikaja, taratibu, nyuma ya pazia.

"Kidoti..."

Mtoto alifungua kinywa aitike. Nikamziba.

"Kidoti, mwanangu, nifungulie. Mama amepona."

Alinivuta mkono kwa nguvu zote. Alikuwa na hamu na mama yake, na mama yake alikuwa anamwita. Nitamshikilia mpaka lini?

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka.

Dada alitoka akijishika ukutani, barakoa usoni, kanga imemlegea. Alikuwa amekonda kiasi kwamba hata mimi nilishtuka. Alinyoosha mikono. Kidoti akapiga ukelele, akajificha nyuma yangu.

"Usimwangalie huyo!" sauti ikasema mlangoni. "Huyo anaumwa. Ukimgusa utakufa. Mimi ndiye mama. Niite, Kidoti. Mara moja tu. Sema 'mama', na mimi nitaingia."

Dada alifungua kinywa. Kitambaa kiliingia ndani, kikatoka. Upepo mtupu.

"Mama ni yupi?" Kidoti aliniuliza.

Ningeweza kumjibu. Lakini niliona dada ananikataza kwa kichwa, nikaelewa: mtoto akiambiwa tu mama ni yupi, kesho mwingine atamwambia vingine.

Dada akapiga magoti, mbali, karibu na mlango wake. Akavua barakoa. Midomo ilikuwa imepasuka, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni. Hakumwita kwa mkono. Alikaa vile tu, atazamwe.

Kidoti alimtazama muda mrefu.

Nje, vidole vilikuwa vinakwaruza mbao. Kwaru... kwaru...

"Niite tu..."

Kidoti akaniponyoka. Nilidhani anakwenda kufungua. Alisimama mbele ya mlango, akaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo, akasema polepole, kwa adabu:

"Shangazi, mama yuko ndani."

Kukwaruza kukakoma.

Kisha mtu akalia pale nje. Alilia kama mtu aliyenyang'anywa, na alilia kwa sauti ya dada yangu, huku dada yangu amepiga magoti mbele yangu, kinywa kimefumbwa.

Nyayo zikaondoka zikiburuzika.

Asubuhi fundi viatu, jirani yake, alimkuta Shangazi amelala kizingitini kwake, akampeleka hospitali. Daktari alisema ni ugonjwa uleule, na kwamba homa kali humtembeza mtu akasema asiyoyajua. Nilimweleza habari ya barakoa. Akasema basi ndiko alikoupatia. Sina la kumpinga. Ila muuguzi aliniambia kwamba mgonjwa wetu aliimba mpaka mwisho, kwa sauti laini ajabu, wakadhani ana mtoto mdogo nyumbani. Alizikwa na watu waliofunikwa mwili mzima. Hatukuruhusiwa kumwona uso.

Siku hiyohiyo ya mazishi sauti ya dada ilirudi. Nilikuwa nafua nikasikia kutoka jikoni:

"Kidoti, njoo ule."

Nzito. Yenye kicheko kidogo mwishoni.

Daktari anasema kikohozi huacha makovu kooni. Shemeji aliporudi kutoka mpakani alisimama mlangoni akisikiliza, akaweka begi chini, akauliza kama dada yake amefufuka.

Kidoti sasa anasoma shule. Mchana, wakitazamana, humwita mama yake kama watoto wote. Shida ni umeme ukikatika. Dada akimwita gizani, mtoto huitikia bila kufikiri, "Abee, Shangazi."

Dada hamsahihishi. Hathubutu kusema neno la pili. Huwasha njiti ya kiberiti, huisogeza karibu na uso wake, na kusubiri aitwe.

Mara nyingine njiti huisha kabla.