Ngoma ya Marehemu Barnabé

Kila Jumamosi jioni Nelima alipiga pasi shati jeupe la mumewe, Mchungaji Masinde. Kazi hiyo aliianza vita vilipokwisha, mwaka 1986, walipofungua kanisa lao hapa Bukoto, jijini Kampala, katika nyumba isiyo na paa. Paa lilipatikana. Watoto walikua, wakahama. Nywele za Masinde zikawa nyeupe, lakini hakuwahi kupumzika Jumapili hata moja.

"Mchungaji wetu hachoki," waumini walijisifu. "Wala hakosei."

Nelima alijua kwamba alichoka. Siku hizi Masinde alitia chumvi kwenye chai. Alipotoka sokoni alipotea njia. Nelima alikunywa chai ile ya chumvi akanyamaza.

Wakati wa ibada Nelima alikuwa akifundisha watoto katika chumba cha nyuma. Jumapili moja aliwaacha na mwenzake, akaingia kanisani. Jua lilikuwa kali. Watu walijaa. Mchungaji alitazama kiti cha mpiga ngoma, akatabasamu.

"Barnabé, mwanangu, tupigie ngoma."

Nelima alishtuka. Barnabé, mpiga ngoma wa kanisa, kijana kutoka Kongo, alifariki kabla ya Pasaka. Masinde mwenyewe ndiye aliyemzika. Kiti kilikuwa kitupu.

Ngoma ikalia.

Yalikuwa mapigo yale yale ya Barnabé, polepole kwanza, kisha mbio. Nelima aligeuka kuwatazama watu. Hakuna aliyeshtuka. Wote walipiga makofi, macho chini.

Ibada ilipokwisha alifunua pazia nyuma ya kiti. Alimkuta Blaise, mdogo wake Barnabé, ameikumbatia ngoma, jasho likimtoka.

"Blaise! Tangu lini?"

"Tangu Pasaka, Mama Mchungaji. Baba Mchungaji anamwita kaka yangu kila Jumapili. Mzee wa kanisa, Sylvanus, alisema mtumishi wa Mungu hasahihishwi. Basi ninajificha, ninapiga." Alijifuta uso. "Mama, siku nyingine ninaogopa. Ninaona kama mikono si yangu."

Nelima alipanda ghorofa ya juu kwa jirani yake Akech, muuguzi mstaafu, akamsimulia yote.

"Banange, jamani!" Akech alisema. "Kanisa zima linamficha mchungaji kifo? Na nyinyi ndio mnaimba kweli itawaweka huru!"

"Usinicheke, dada."

"Sicheki. Sikiliza. Kusahau namna hiyo si dhambi, wala si uzee tu. Huenda ni presha. Huenda ni sukari, au ubongo wenyewe. Hatujui mpaka apimwe. Lakini niambie, katika kanisa lenu, nani anaweza kumwambia mchungaji hapana?"

"Hakuna."

"Basi mnamheshimu, lakini mmemwacha peke yake. Mwambie leo."

"Jumapili ijayo ana ubatizo ziwani. Nitamwambia baada ya hapo. Nisimwaibishe."

Akech alitikisa kichwa. "Aibu haiui, Nelima. Kunyamaza kunaua."

Jumapili iliyofuata walikwenda Luzira, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Maji yalitulia kama kioo. Korongo wakubwa walisimama ukingoni kama wazee wa kanisa: wanatazama, hawasemi. Kanisa lao lilikuwa na desturi yake. Mchungaji akiwa majini na mtu, hakuna mwingine anayekanyaga maji mpaka ainue mkono.

Marlène, mchumba wa Blaise, aliingia wa kwanza. Masinde alimshika, akamzamisha.

"Kwa jina la Baba..."

Akanyamaza. Macho yake yalikwenda mbali, ng'ambo ya ziwa. Mikono yake ilibaki chini.

Watu waliendelea kuimba. Kitambaa cheupe cha Marlène kilielea juu ya maji. Mapovu yakapanda. Mzee Sylvanus alifumba macho, akaimba kwa sauti zaidi. Wengine wakamfuata. Wimbo ukawa mkubwa, na Masinde akawa kama jiwe.

Nelima alikimbilia majini na viatu vyake.

"Masinde! Mwachie!"

Alikuwa hajawahi kumwita hivyo mbele ya watu. Mikono ilifunguka. Blaise naye alishafika. Walimwinua Marlène, akakohoa, akatapika maji, akalia. Alikuwa hai.

Wimbo ulikufa. Masinde alitazama huku na huku.

"Nelima, mbona ngoma hailii? Barnabé yuko wapi?"

Nelima alimshika mikono. Ilikuwa baridi. "Barnabé alikufa, mume wangu. Wewe ulimzika."

Masinde aliwageukia watu ufukweni. "Na nyinyi mlijua?"

Mmoja baada ya mwingine waliinamisha vichwa.

"Kwa nini hamkuniambia?"

Mzee Sylvanus aliketi mchangani, akajifunika uso.

Wiki hiyo Nelima na Akech walimpeleka Masinde hospitali. Presha ilikuwa juu mno. Daktari alisema imeumiza ubongo kwa miaka mingi. Alipewa dawa na kuamriwa apumzike. Baadhi ya kumbukumbu zitarudi. Nyingine hazitarudi.

Wazee walikutana nyumbani kwa Nelima, Akech akiwa mgeni wao.

"Tukimwondoa, tutakuwa tumemlaani," alisema Sylvanus.

"Mzee wangu, nani alisema mumtupe?" Akech alijibu. "Mchungaji ni mtu. Apimwe afya kama mtu. Apate likizo kama mtu. Wawepo wa kuongoza pamoja naye, na wa kumwambia umekosea, uso kwa uso, kwa upendo. Hata Musa alishauriwa na mkwewe."

Masinde ndiye aliyesema, "Iandikeni iwe kanuni. Na inihusu mimi kwanza."

Walikubaliana. Nabwire, mwalimu wa Biblia, na mchungaji kijana Byron walianza kuhubiri kwa zamu. Desturi ya majini ilifutwa. Siku hizi wasimamizi wawili husimama pande zote mbili za anayebatizwa. Marlène alirudi Luzira, akabatizwa. Blaise alikuwa mmoja wa waliomshika.

Masinde sasa huketi mstari wa mbele, kando ya mkewe. Uso wake umenenepa kidogo. Usiku analala.

Jumapili moja ngoma ilianza. Masinde aliinamia sikio la Nelima.

"Huyo ni Barnabé?"

Wanawake waliokaa nyuma yao walisikia, wakamkazia macho Nelima.

"Hapana," Nelima alisema. "Barnabé alifariki. Huyo ni Blaise."

Chozi lilimshuka Masinde. Kisha aliitikia kwa kichwa.

"Asante kwa kuniambia. Anapiga vizuri, huyo Blaise."

Pazia lilikuwa limeondolewa. Blaise alikuwa kwenye kiti, mbele ya watu wote, akipiga mapigo yake mwenyewe.