Kiti cha Marehemu

Lilianza na neno dogo tu. Mtoto alikuwa anakunywa chai, akainua uso, akamwambia mama yake, "Subiri kidogo, dada."

Mama huyo, fundi wa kompyuta, alicheka. Mtoto wa pekee huyo, dada kamtoa wapi? Lakini aliacha ghafla, kwa kuwa aliyekuwa akimwita hivyo, na "subiri kidogo" yake kila saa, alikuwa mdogo wake wa kiume, na huyo alishakufa kwa kifua. Jamani, walivyopendana naye mtoto. Yeye na mtoto waliitana "mjomba" wao kwa wao.

Mtoto alikuwa na pumu ya kumkata pumzi usingizini. Jina la utani Kibonge, na mbavu unaziona. Mama yake alikuwa amemtengenezea kisanduku cha kuvaa kifuani, kipige kelele pumzi ikikatika. Chipu ya ndani ilikuwa ndogo na haikuwa na kompaila, yaani programu ya kugeuza maandishi ya fundi kuwa lugha ya mashine. Ikabidi achague mojawapo ya kompaila zilizopo, aihamishie huko. Ya kwanza ilikuwa kubwa, angeota mvi akiisoma. Ya pili nyepesi, ila ukiigusa hapa inavunjika kule. Ya tatu aliiandika marehemu, tena aliiandika ihame: unajaza faili moja tu, na juu kabisa pana neno "kiti". Mzaha wake huo. Programu ni pepo, alikuwa akisema, na mashine ni kiti chake, kama mtu anayepandwa; mpe kiti uone kama hatapanda.

Akachagua ya marehemu, na nani angemlaumu? Kila mstari aliusikia kwa sauti ya mdogo wake, na alikuwa amemkosa mno. Penye kiti akaandika "Kibonge", maana mashine ilikuwa ya Kibonge.

Kisanduku kilifanya kazi vizuri. Ila baada ya lile neno la "dada", chumba kikaanza kunuka mafuta ya mkaratusi, yale aliyojipaka marehemu, na chupa yake ilishatupwa. Kisha mtoto akaanza kupiga mluzi, yeye asiyejua mluzi, kisha kikaja kile kikohozi, kizito, cha mtu mzima, kinachoanzia tumboni na kupanda polepole huku mabega madogo yakitikisika, na kila kikitulia mtoto anafuta mdomo kwa mkono wa kushoto, kama alivyofanya marehemu, na kumtazama mama yake kama anayeomba radhi kwa usumbufu.

Bibi, mama mzazi wa fundi, aliitwa. Alisimama mlangoni, akanusa, akashika ukuta.

"Umempa nani kiti?" alinong'ona.

Fundi akamweleza. Bibi akamvua mtoto kisanduku. Kikohozi hakikukoma. Akapiga magoti mbele ya mjukuu wake.

"Nani wewe?"

"Mama, hata wewe unaniuliza?"

Bibi alilia, akaacha machozi yashuke. Majini ya watu alishayatoa mengi, hili alilizaa mwenyewe.

"Toka, baba. Kifua chako kitamuua mtoto."

"Niende wapi? Sina pa kukaa."

Midomo ya Kibonge ilikuwa inageuka kijivu.

"Naifuta kompaila yote," fundi alisema kwa sauti ya chini.

"Ukifuta, anabaki humu humu. Apewe kiti kingine, na upesi."

Fundi aliiendea kompyuta. Akafuta jina la mwanawe, akaandika jingine, akaiunda programu upya, akaipeleka kwenye kisanduku. Mtoto alishtuka, akavuta pumzi ndefu, safi, na rangi ikamrudia. Bibi akamkumbatia, akimshukuru Mungu.

"Umeandika nini?" aliuliza baadaye kidogo, bado kamkumbatia mtoto.

Fundi alikuwa bado kwenye kompyuta. Alikuwa amewapa mgongo, anafuta mdomo kwa mkono wa kushoto.

"Mama," Kibonge aliita, "naomba maji."

"Subiri kidogo, mjomba."