Bia Juu ya Boneti

Kila asubuhi mama yangu huamka kabla ya jogoo wa jirani, ambaye kwa kweli ni mvivu, na kubandika sufuria ya api. Api ni uji mwepesi wa mahindi ya zambarau. Hapa kwetu El Alto, mji wa juu milimani, ambako maji ya ndoo huganda alfajiri, mtu asiyekunywa api hufika shuleni akitetemeka kama simu iliyopigiwa darasani. Mimi hunywa vikombe viwili, nachukua begi langu, nafungua geti, na siku inaanza.

Juma lile la mwezi wa sita nilikuwa nafungua geti kwa madaha, kwa sababu tulikuwa tumepata gari. Lilikuwa la viti saba, rangi ya damu ya mzee, na mama aliliendesha kana kwamba amepakia mayai. Kwa miaka tisa mama, Bi Felisa Callisaya, alikuwa ameendesha magari ya watu. Sasa alikuwa amepata kazi ya kuwapeleka wauguzi kwenye zahanati za kando ya ziwa, kwa gari lake mwenyewe, kuanzia Jumatatu.

Njia ya huko ina malori ya kokoto, na malori yale hurusha mawe kama watoto wa darasa la tatu. Ndiyo maana Jumanne tulikwenda mtaa wa gereji, kwa Mzee Nicanor, kuuliza habari za plastiki angavu ya kulinda rangi. Hubandikwa juu ya gari kama ngozi ya pili. Jiwe likija, linaigonga plastiki, rangi inabaki salama.

Aliyetupokea alikuwa fundi mpya, dada Noemi, mwembamba, mwenye mikono iliyopasuka kwa maji baridi.

"Tufunike gari zima?" mama aliuliza.

"Ukitaka, nitafunika," alisema Noemi. "Lakini mawe hayakufukuzi, mama. Wewe ndiye unayeyafuata. Boneti, bampa ya mbele, vioo vya pembeni na kingo za milango, hapo panatosha. Ila usichukue ile ya rahisi. Jua la huku juu litaifanya ya njano kabla mwaka haujaisha."

Mama alicheka. Alizoea mafundi wanaotaka kumuuzia hata hewa ya tairi. Wakakubaliana.

Mzee Nicanor, mwenye gereji, alipita akijifuta mikono. "Huyu bado yuko kwenye majaribio, Bi Felisa," alisema akimwonyesha Noemi kwa kidevu. "Kazi yake ya kwanza ikirudi na lawama, na yeye anarudi kwao kuvuna viazi."

Alisema akitabasamu. Noemi hakutabasamu.

Jumatano nilitoka shule moja kwa moja hadi gereji kumsubiri mama, ambaye alikuwa bado kwenye foleni ya namba za gari. Noemi alikuwa anamalizia. Alinyunyiza maji, akalaza plastiki, akayasukuma maji nje kwa kipande cha mpira, taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni. Nilimwambia anafanana na bibi yangu akikanda unga wa mkate.

"Bibi yako akikosea anakula mkate mbaya," alisema. "Mimi nikikosea sili kabisa."

Alipomaliza aliketi juu ya debe. "Sikiliza vizuri, Yobana, umwambie mama kila neno. Gundi bado ni mbichi, na kwa baridi hii haina haraka. Siku kumi asilioshe gari. Vipovu vya maji akiviona asivitoboe, vitakauka vyenyewe. Baada ya hapo aoshe kwa sabuni laini na kitambaa, asitumie brashi, na mpira wa maji ya kasi usielekezwe kwenye kingo. Ndege akichafua, afute siku hiyohiyo." Akaniangalia. "Na kubwa kuliko yote, msilipeleke Copacabana kwanza. Bia na zile karatasi za rangi zikiingia chini ya kingo, kazi imekufa. Mmepanga kwenda lini?"

Hapo ndipo moyo wangu ulipopiga breki.

Tulikuwa tunakwenda Jumamosi. Kila gari jipya la kwetu hupelekwa Copacabana, mji wa kanisa kando ya ziwa, kwa padri, lipambwe maua, libarikiwe, kisha jamaa walimwagie bia na kulirushia karatasi za rangi. Miaka yote mimi na mama tulikwenda kwa basi kutazama magari ya wengine yakibarikiwa, tukipiga makofi kama watu walioalikwa harusi kimakosa. Nilijua vilevile kwamba mama hawezi kubeba wauguzi kwa gari lisilobarikiwa. Nikimwambia "siku kumi", Jumamosi imekwenda, na kazi ya Jumatatu labda imekwenda nayo.

"Labda mwezi ujao," nilimjibu Noemi.

"Vizuri," alisema, akaniamini. Aliniamini haraka mno. Laiti angenikodolea macho kidogo.

Mama alipofika, Noemi alikuwa ameshaitwa ndani kuinua injini. "Fundi kasemaje?" mama aliniuliza njiani.

Nilimweleza habari za vipovu, sabuni laini, kitambaa na ndege. Nilieleza vizuri sana, hata nikaigiza ndege mwenyewe. Mama akacheka.

"Na kingine?"

"Basi."

Kuanzia hapo api ilianza kuwa na ladha ya chuma. Alhamisi asubuhi nilimkuta mama ameinama juu ya boneti, akihesabu vipovu. Ijumaa aliuliza tena, "Una hakika hakusema lolote kuhusu Jumamosi?" Nikasema nina hakika. Uongo wa pili hauna shida ya kutoka, njia imeshafunguliwa. Shida yake ni kwamba hauachi usingizi.

Jumamosi mjomba Fortunato, kaka yake mama, alikuja na kreti mbili za bia na mwanawe Dayana, ambaye alikaa kiti cha mbele bila kuulizwa. Tulivuka mlango wa ziwa kwa pantoni ya mbao, na saa nne tulikuwa kwenye foleni mbele ya kanisa. Mjomba alifunga shada kubwa la maua katikati ya boneti kwa vipande vya gundi ya karatasi vilivyofika hadi ukingoni, akavibonyeza hasa. Kila alipobonyeza, mimi niligeuka kutazama kanisa.

Padri alipita na ndoo yake, akachovya ua, akanyunyiza matone machache. Mama alivua kofia yake, akalia kimya. Sikuwa nimewahi kumwona akilia kwa furaha, na sikuweza hata kumtazama.

Kisha mjomba akanikabidhi chupa ya kwanza. "Haya, binti wa mwenye gari. Mama Ardhi kwanza, halafu gari."

Nilimwaga kidogo chini kwa ajili ya Mama Ardhi, kama ilivyo desturi yetu. Nikamwaga kwenye tairi la kulia. Nikamwaga kwenye tairi la kushoto. Nikarudi tena kwenye la kulia.

"Unalilewesha tairi?" mjomba aliuliza. "Gari lina kiu usoni, si miguuni."

"Anaogopa litapiga chafya," alisema Dayana.

Watu wa gari la nyuma wakacheka. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sentensi moja tu ingetosha, na mama alikuwa hatua mbili kutoka nilipokuwa. Nilifungua mdomo, kisha nikamwona mama anavyotabasamu, nikaufunga. Mjomba alininyang'anya chupa, akaiziba kwa kidole gumba, akaitikisa, na bia ikalipuka juu ya boneti, ikateremka hadi kwenye bampa. Dayana akarusha karatasi za waridi na kijani. Zikaloa. Zikaganda.

Jumapili asubuhi mama aliondoa shada. Gundi ya karatasi iliondoka na ukingo wa plastiki, ukainuka kama ukurasa wa kitabu. Chini yake kulikuwa na mito midogo ya waridi na kijani. Kwenye bampa plastiki ilikuwa imevimba mikunjo.

Mama hakupiga kelele, na mama asiyepiga kelele anatisha zaidi. "Kumbe yule msichana hajui kazi," alisema. "Ingia garini."

Jumapili ni siku ya soko, gereji zote ziko wazi. Mzee Nicanor alizunguka gari mara moja, akaita, "Noemi, njoo uone ulichotengeneza."

Noemi alikuja, akaupitisha ukucha wake chini ya ukingo, akanusa. "Hii ni bia," alisema. "Mama, nilisema siku kumi. Nilimwambia binti yako, hapa, nikiwa nimekaa kwenye debe hili."

"Binti yangu ameniambia yote uliyosema," mama alijibu. "Mpaka habari za ndege. Usimtwike mtoto kosa lako."

"Sitwiki mtu, mama. Nilimuuliza mnakwenda lini Copacabana. Akasema mwezi ujao."

Wote watatu wakanigeukia.

"Yobana?" mama aliita.

"Sikumbuki," nilisema. Sauti iliyotoka ilikuwa ya panya.

Mzee Nicanor akashusha pumzi. "Basi tusisumbuane. Mteja ndiye anayerudi na gari, mimi namsikiliza mteja. Noemi, vua aproni. Vitu vyako vichukue, mshahara utaufuata Ijumaa."

Noemi alianza kufungua kamba ya aproni mgongoni. Fundo lilikuwa limelowa maji, halikufunguka, na vidole vyake vilivyopasuka vilihangaika nalo. Hakuna aliyemsaidia. Mafundi wengine walijifanya wanatafuta spana.

Mimi huwa na jibu kwa kila kitu. Mwalimu wangu husema ulimi wangu una magurudumu. Lakini pale kila mzaha nilioutafuta ulikuwa umekimbia, na fundo lilikuwa linaanza kulegea.

"Alisema," nilitamka.

"Sema kwa sauti," mama alisema.

"Alisema siku kumi. Alisema tusiende. Nilimdanganya yeye, nikakuficha wewe. Nilitaka na letu libarikiwe, mama. Nilichoka kupigia makofi magari ya watu. Na niliogopa usingeanza kazi kesho." Machozi yalikuwa yanashuka na sikuyafuta. "Jana nilijua. Nilipokuwa nalilewesha tairi nilijua."

Mama alinitazama, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alimwendea Noemi, akashika zile kamba za aproni, akazifunga upya kwa nguvu.

"Dada, nimekutwika kosa lisilo lako mbele ya watu," alisema. "Mbele ya watu hawahawa naomba unisamehe. Plastiki mpya nitalipia mimi, kosa limetoka nyumbani kwangu. Na wewe Mzee Nicanor, huyu fundi wako ni mzuri. Usimpoteze."

Mzee Nicanor alikuna shingo. "Mimi pia nimekimbilia kuwavua watu aproni," alisema. "Noemi, majaribio yako yamekwisha. Umeajiriwa. Lakini kuanzia leo maelezo anapewa mwenye gari mwenyewe, si bingwa wa kuigiza ndege."

Noemi akanigeukia. "Shika hiyo ndoo," alisema.

Tulifanya kazi mpaka saa tisa. Alipasha plastiki moto kwa mashine ya hewa, akaivuta polepole kutoka pembeni, na mimi nikafuta gundi iliyobaki kwa kitambaa, inchi kwa inchi, mpaka mabega yakauma. Rangi ya chini ilikuwa salama. Akatuambia gari liende kazini hivyohivyo, mama akae mbali na malori, na Jumamosi alirudishe. Jumamosi ilipofika, kabla ya kubandika aliuliza, "Kuna sherehe yoyote mbele?" Mama akasema, "Limeshabarikiwa, na mapambo yakija tena yatafungwa kwenye kioo, bia itaishia kwenye matairi." Kisha siku kumi zilihesabiwa kwenye kalenda ya jikoni, nami ndiye niliyezikata moja moja. Kila Jumamosi baada ya hapo nililiosha gari peke yangu, kwa sabuni laini, Dayana akiwa juu ya ukuta akiniuliza kama nalitafutia gari mume.

Lakini Jumapili ileile, tulipokuwa tunarudi nyumbani kutoka gereji, mama aliegesha kando ya barabara kabla hatujafika.

"Ungeniambia Jumatano," alisema, "ningenung'unika, ningempigia simu mkuu wa zahanati, ningeomba wiki moja. Labda angekubali, labda angekataa. Lakini hilo lilikuwa la kwangu kuamua, Yobana. Mtu akikupa maneno uyafikishe, hayo maneno si yako. Huna ruhusa ya kukata kipande unachokiogopa. Umekata maneno machache tu, na leo nusura mtu akose mkate kwa sababu ya hayo, mtu ambaye alifanya kila kitu sawasawa."

"Je, nisingesema, ungejua?" niliuliza.

"Nisingejua," alisema mama. "Na hilo ndilo linalonitisha. Ningelala vizuri kabisa, nikiwa nimemdhulumu mtu." Akawasha gari. "Kwa hiyo siku nyingine usinilaze hivyo. Niamshe, hata kama ni kwa habari mbaya."