Vipande Kumi na Kimoja

Duka la dawa lilikuwa limefurika wateja pale mtangazaji wa redio, shati jeupe limemganda mgongoni, alipoiruka foleni na kusukuma karatasi kaunta.

"Dada, niwie radhi. Hili jina la sumu ya wadudu nalisoma kwenye taarifa ya saa saba, na ulimi umegoma."

Mfamasia akachukua penseli, akalikata kwa vistari. "Dai-klo-ro-dai-fe-nil-trai-klo-ro-e-thein. Vipande kumi na kimoja. Kila kipande, gonga kidole."

Wakagonga pamoja. Foleni ikaguna; wao hawana habari. Saa saba alikwama kwenye kipande cha saba, taifa zima likamsikia, lakini jioni alirudi dukani kushukuru, na kesho yake tena.

Wakapendana. Kila neno gumu la Kiingereza alimletea yeye alikate. Mwezi wa nane, ghafla, karatasi zikakoma.

Siku moja, akimshonea kifungo cha koti la kijivu, mfamasia alikuta mfukoni neno lao lilelile limekatwa kwa wino mwekundu. Moyo ukamlipuka. Nani huyu anayemgongea vidole?

Simu ikaita. Mtangazaji akaipokelea kibarazani, sauti ya chini. "Nakuja saa kumi. Hapana, hajui chochote."

"Nani huyo, laazizi?"

"Mtu wa kazini, mpenzi."

Mwongo mkubwa, hata kumtazama hakuweza. Basi saa kumi mfamasia akajifunga mtandio, akamfuata kwa mbali, machozi yakimlenga. Leo atamfumania. Kona ya kwanza, ya pili, halafu akasimama ghafla: mtangazaji alikuwa anabisha hodi nyumbani kwa baba yake mfamasia.

Akachungulia dirishani. Baba, mwalimu mstaafu wa kemia, alikuwa ameshika kalamu yake nyekundu.

"Uliliharibu redioni, nilikusikia. Anayemtaka binti yangu alitamke neno hilo bila karatasi. Anza."

"Dai-klo-ro-dai-fe-nil..." Jasho likamtoka. Akainua macho, akamwona mpenzi wake dirishani, kidole kikigonga kioo. "Trai-klo-ro-e-thein."

"Haya," Baba akacheka, "sasa muulize mwenyewe."

Mtangazaji akakimbilia dirishani, akafungua mdomo.

Mfamasia akagonga kioo mara mbili. "Ndi-yo," akasema. "Ila kifungo utashona mwenyewe."