Tobin na Bibi Asiye Wake

"Bibi yangu alitoroka shule ya bweni ya Wazungu, iliyokataza watoto wa wenyeji kusema lugha yao, akiwa na miaka tisa," Tobin alisema kwenye maikrofoni. Maktaba ya Saskatoon, hapa Kanada, ilikuwa imejaa watu waliokuja kusikiliza hadithi za familia. "Alimbeba mdogo wake mgongoni, wakavuka mto ulioganda. Kila hatua akimtamkia neno moja la Kikrii, wasije wakaisahau lugha yao."

Watu wakaanza kufuta machozi.

Bibi huyo ni wangu! Mimi mwenyewe nilimsimulia Tobin, jikoni, nikilia. Yeye ni mchumba wangu. Naye ni wa wenyeji asilia kama sisi, ila watu wa ustawi wa jamii walimchukua kwao akiwa na miaka miwili, akalelewa na Wazungu. Hata mama yake hamjui.

Wakati wa maswali nikasimama.

"Bibi yako anaitwa nani?"

Uso ukamsawijika. "Raylene..."

"Raylene ni mimi. Nimeuliza jina la bibi yako."

Ukumbi ukaanza kunong'ona. Nikatoka.

Alinikimbilia hadi kwenye gari.

"Kila mtu mle ndani ana kwao, Raylene. Mimi nina nini?"

"Ndiyo ukaniibia bibi?"

Kabla hajajibu, simu yangu ikaita. Bibi Agathe! Video ya Tobin jukwaani ilishamfikia.

"Kesho mchana niletee huyo mjukuu wangu mpya," akasema, akakata.

Kesho yake tulimkuta amekaanga mikate, chai tayari. Hakumsalimia Tobin.

"Eti mimi ni bibi yako?"

"Nisamehe, bibi."

"Basi Raylene ni binamu yako. Hivi kwenu mnaoa mabinamu?"

Kicheko kilinitoka bila kutaka. Tobin alilia.

"Nyamaza. Nipe hadithi yako."

"Sina, bibi."

"Miaka thelathini na moja, huna? Sema!"

Akaangalia miguu yake.

"Nakumbuka viatu tu. Mtu alikuwa ananivalisha. Cha kwanza kikaingia. Mlango ukagongwa. Cha pili sikuvishwa."

"Nani alikuwa anakuvalisha?"

"Yule mama wa ustawi, nadhani."

Bibi akaweka kikombe chini.

"Waliokuja kuchukua watoto hawakuwa na muda wa viatu, mwanangu. Huyo alikuwa mama yako."

Miaka yote hiyo Tobin alikuwa na mama yake kichwani, asijue!

Jumamosi iliyofuata alirudi maktaba. Akakiri uongo wake, kisha akasimulia viatu vyake. Wengine waliondoka wakimzomea. Mimi sikuondoka, ingawa kumwamini tena kulinichukua miezi.

Tulioana Septemba. Upande wetu watu walijaa, wajomba wengine wamesimama. Upande wa Tobin viti vilikuwa vitupu; hata Wazungu waliomlea hawakuja.

Bibi Agathe akainuka na fimbo yake.

"Bibi, unakwenda wapi?" mama yangu akamnong'oneza.

"Niache."

Akavuka katikati ya ukumbi taratibu, watu wote wakimtazama, akaenda kukaa kiti cha mbele, upande wa bwana harusi.