Sikio la Nanzia

Tegeni masikio, yote mawili. Hadithi hii ni ya sikio.

Nanzia ni mtoto mdogo wa milimani. Kila asubuhi anasikia kengele ya chekechea. Ngeng', ngeng', ngeng'.

Kaka yake, Mbonea, huchukua mkoba na kikombe chake cha uji. Huyoo, anakwenda. Nanzia hubaki mlangoni na bibi. Hapendi kubaki. Hapendi hata kidogo.

"Mama, na mimi nataka shule," akasema Nanzia.

Baba akasema mtoto aende, maana akili anazo. Mama akasema mtoto bado mdogo. Wakavutana mpaka chai ikapoa.

Bibi akacheka. Akawaambia kwamba zamani hawakuulizana miaka. Mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa. Akishika sikio la upande wa pili, amekua. Asipolishika, anarudi nyumbani.

Nanzia akainua mkono.

*Mkono juu, pita kichwani,*
*sikio langu, ningoje!*

Vidole vikaishia kwenye nywele.

Akainamisha kichwa mpaka begani, akalishika. Mjanja huyo! Bibi akamwambia kichwa kikae wima. Wote wakacheka. Nanzia naye akacheka, ila moyoni alihuzunika.

Baba hakutaka kushindwa na sikio. Akaomba Nanzia ajaribu shule siku moja tu. Mama akakubali.

Ngeng', ngeng', ngeng'. Nanzia huyo, nyuma ya Mbonea. Alivaa viatu vya zamani vya kaka yake. Kwapu, kwapu, kwapu.

Akaimba. Akapiga makofi, pa, pa, pa. Akachora ng'ombe mwenye miguu sita. Raha iliyoje!

Kisha uji ukaja. Nanzia akanywa funda moja. Akanywa la pili. Macho yakawa mazito.

Khoro, khoro. Pua ikachovya kwenye uji.

Mwalimu Namkunda akampangusa pua, akambeba mgongoni mpaka nyumbani. Akawaambia wazazi kwamba akili anazo, lakini usingizi wake bado wa kitoto.

Nanzia akaamka, akalia. Alidhani shule imemkataa.

Mwalimu akachuchumaa mbele yake. "Shule haina miguu, Nanzia. Haikimbii. Itakungoja."

"Itaningoja kweli?"

"Kweli. Na Ijumaa ni siku ya nyimbo. Njoo na bibi, uimbe nasi."

Baba akamtazama mama. Mama akatabasamu. Wakakubaliana kwamba kwa sasa Ijumaa inatosha.

Basi kila Ijumaa Nanzia aliimba. Siku nyingine alichambua maharage na bibi. Alifukuza kuku, shii, shii. Alilala mchana, tena bila uji puani.

Na kila jioni alijaribu.

*Mkono juu, pita kichwani,*
*sikio langu, ningoje!*

Mvua zikaja, zikaenda. Mahindi yakarefuka. Nanzia naye akarefuka, haba na haba, bila kujua.

Jioni moja mama alimfunika shuka. Nanzia akainua mkono, kichwa wima.

*Mkono juu, pita kichwani,*
*sikio langu, ningoje!*

Kidole kikagusa kitu. Kilikuwa laini, na baridi kidogo.

"Mama," akanong'ona, "sikio langu limeningoja."

Mama akatazama vizuri. Furaha ikamjaa. Akalibusu sikio hilo.

"Lala sasa, mwanafunzi wangu."

Nanzia akalala. Khoro, khoro. Na pua ilikuwa kavu kabisa.