Waya wa Kijani

Jumamosi Yasmina alikuwa na kazi mbili. Asiyoipenda ilikuwa kuosha vyombo vya chai. Aliyoipenda ilikuwa kushinda gerejini kwa baba yake, fundi Ismaël, pale Rwezamenyo. Huko alijifunza kubadilisha plagi na kuunga nyaya za pikipiki. Alikuwa anajua kazi, na alijua kwamba anajua. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Siku hiyo gerejini palikuwa na mgeni: injini kuukuu ya boti, mali ya mzee Nsabimana wa Ziwa Muhazi. Mafundi wengine walikuwa wamemshauri aiuze kama chuma chakavu. Injini ilinguruma vizuri tu, ila haikuchaji betri, na betri ndiyo iliyowasha taa ya boti. Mzee alivusha wanawake wanaokwenda sokoni alfajiri, ukungu ukiwa bado juu ya maji. Bila taa, boti nyingine ingeweza kuwagonga.

Baba alihangaika nayo mpaka akachoka. Alibadilisha koili, akasafisha nyaya, akaiwasha injini ndani ya pipa la maji na kuona kwamba sasa betri inapata chaji. Alhamdulillahi! Akaizima, akaitoa betri aifute kutu. Adhana ya adhuhuri ilipolia, akamwambia Yasmina asiguse kitu mpaka arudi kutoka msikitini.

Asiguse kitu? Binti wa fundi mzima? Yasmina alitaka baba akute kazi imekwisha. Nyaya za betri zilikuwa mbili, mmoja mweusi na mwingine wa kijani. Kwenye pikipiki alizozizoea, wa kijani hufungwa upande wa hasi, na mweusi ndio unaopitisha moto. Naye akafunga vivyo hivyo. Cheche ikaruka, moshi mdogo ukatoka, na harufu ya plastiki iliyoungua ikampanda puani. Harakaharaka akazigeuza nyaya.

Cyusa, mwanafunzi mwenzake aliyekuja kujaza baiskeli upepo, alikuwa ameona yote. Alimwambia anyamaze, maana injini ile huwashwa kwa kuvuta kamba, haihitaji betri. Nani atajua?

Na kweli, baba aliporudi alivuta kamba, injini ikanguruma. Alimgombeza Yasmina kidogo kwa kutosikia, lakini tabasamu lilimtoka. Chaji hakuipima tena, kwa kuwa alikwisha kuipima. Mzee Nsabimana alipofika kuichukua, baba alimwambia kwamba nyaya za mwisho zimefungwa na binti yake.

Mzee alimshika Yasmina mikono yote miwili. "Murakoze cyane, asante sana, mwanangu. Kesho mke wangu atavuka na wenzake bila hofu, kwa sababu yako."

Yasmina alitamani ardhi ipasuke immeze. Shukrani ile haikuwa yake. Akilini alimwona mama wa watu gizani, taa ikififia. Vijana waliokuja na mzee walikuwa tayari wanaibeba injini kuipeleka garini.

"Baba, isiondoke," alisema. "Nilifunga nyaya kinyume. Kuna kitu kimeungua."

Baba aliirudisha injini kwenye pipa, akaiwasha na kuweka mita kwenye betri. Mshale haukusogea. Kifaa kidogo kinachogeuza umeme wa koili ili uingie kwenye betri kilikuwa kimekufa. Ndipo akamweleza kwamba pikipiki ni pikipiki na boti ni boti: hapa mweusi ndio hasi. Ule wa kijani uliungwa na mtu mahali pa waya mwekundu uliooza. Yasmina alilia, tena kwa kwikwi.

Mchana wote uliobaki walitafuta kifaa kingine, wakakipata kwenye pikipiki mbovu iliyolala nyuma ya gereji. Safari hii Yasmina alifunga nyaya huku baba akitazama, na mshale ukapanda.

Aliogopa kumtazama mzee, ambaye alikuwa amesubiri muda wote huo kwenye benchi. Lakini mzee alimwita akae karibu naye.

"Mwanangu, taa ingezimika ziwani ningesema ni uzee wa injini," alisema. "Wewe nisingekushuku kabisa. Nilikushukuru kwa kazi ambayo hukuifanya. Sasa nakushukuru kwa uliyoifanya."

Yasmina alipofuta machozi, baba alimwekea mkono begani.

"Ulikosa mara mbili," alisema. "Hukunisikia, na ulitaka kuficha. Hakuna fundi asiyekosea kazini, hata mimi. Lakini fundi anayeficha kosa lake humwachia mwenye boti alilipie. Leo hukumwachia, na mimi namshukuru Mungu kwa hilo kuliko kwa injini hii."